Kuifanya plastiki ipokee seli: mwongozo kamili wa kurekebisha uso wa polima kwa ajili ya vipandikizi vya tiba

Seli haijawahi kuigusa plastiki yako, wala haitaigusa. Kipande cha polima kikitumbukizwa kwenye damu au kwenye maji ya kuoteshea seli, protini hukivamia ndani ya sekunde chache. Seli inapowasili, dakika kadhaa baadaye, hukuta zulia limeshatandikwa, na hukanyaga zulia, si sakafu. Ukilishika hilo tangu mwanzo, mengi yanayowachanganya wanaoanza kazi hii hunyooka: kwa nini uso unaopenda maji kupita kiasi haushiki seli, kwa nini matokeo ya leo hayafanani na ya mwezi uliopita, na kwa nini kemia iliyokugharimu wiki tatu hufutika pale tu unapoongeza seramu, yale majimaji ya damu yaliyojaa protini.

Humu nitakupitisha kazi nzima, kuanzia kipande kitupu hadi seli zilizotandaa na kuhesabiwa. Nakuchukulia kuwa una maabara ya kawaida ya kemia, chumba cha kuoteshea seli, na uwezekano wa kuazima mashine kubwa siku mbili tatu. Mifano yangu itaegemea polikaprolaktoni (PCL), ambayo huyeyuka na kuisha mwilini taratibu, na PEEK, ile plastiki ngumu ya vipandikizi vya uti wa mgongo ambayo hudumu. Zingine nitazitaja pale tabia zake zinapotofautiana.

Kwanza, zulia lenyewe

Katika damu ya binadamu kuna albumini takriban miligramu 35 hadi 50 kwa kila mililita. Fibronektini, protini ambayo seli hushikia, ni kama 0.3. Kwa hiyo protini ambayo seli haina haja nayo inaizidi ile inayoitafuta kwa zaidi ya mara 100, na ndiyo hufika kwanza usoni. Baadaye, protini zilizo chache lakini zenye kung'ang'ania zaidi huzing'oa zile za mwanzo na kukaa mahali pake. Mpokezano huo hujulikana kwa jina la Leo Vroman, aliyeuchunguza kwa miaka mingi. Kazi yako unaporekebisha uso ni kuingilia mpokezano huo ili fibronektini na mwenzake vitronektini zipate nafasi, tena zikiwa na umbo lake sahihi.

Umbo ni muhimu kwa sababu seli hushika protini hizo mahali pamoja mahususi. Mwaka 1984 watafiti Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kuwa mahali hapo ni mfuatano wa asidi amino tatu tu: arginini, glaisini na asidi aspatiki, unaofupishwa RGD. Vipokezi vya seli viitwavyo integrini ndivyo vinavyoudaka. Ila kidole kimoja hakivunji chawa: integrini moja ikishika peke yake haitoshi. Lazima zikusanyike kwa makundi ndipo nyuzi za aktini ndani ya seli zivutike na seli itandae.

Sasa, kwenye uso unaokataa maji sana, kama PTFE (teflon) ambayo pembe yake ya mguso wa maji, yaani pembe ya ukingo wa tone lililokaa juu yake, ni kama nyuzi 110, fibronektini hujilaza vibaya na kupoteza umbo, huku albumini ikigandamana. Kwenye uso unaopenda maji mno, protini hazing'ang'anii. Seli nyingi hupendelea katikati, takriban nyuzi 50 hadi 70. Ichukue namba hiyo kama dira. Nimeona nyuso mbili zenye nyuzi 60 zilezile, moja ikishika seli na nyingine ikizikataa, kwa kuwa makundi ya kemikali yaliyokuwa juu yake hayakufanana.

Hatua ya 1: Jiulize kama kweli unazitaka seli

Daktari wa macho Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza ya akriliki ndani ya jicho, London mwaka 1949, alichagua akriliki kwa sababu alikuwa ameona vipande vya plastiki hiyo vikikaa kwa utulivu ndani ya macho ya marubani waliojeruhiwa. Utulivu ndio uliokuwa sifa. Hadi leo, seli zinazotambaa nyuma ya lenzi na kuutia ukungu mfuko wake ni tatizo la madaktari wa macho.

Basi andika kwenye daftari, kabla ya kununua chochote: ni seli gani nazitaka, upande upi wa kipandikizi, na ni zipi sizitaki. Kipandikizi cha mfupa kinataka osteoblasti, seli zinazojenga mfupa. Mshipa bandia wa damu unataka endothelia (seli za utando wa mishipa) upande wa ndani na hautaki chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Wavu wa kushikilia ngiri unataka tishu upande wa ukuta wa tumbo, na upande wa utumbo usishike kitu. Ukisema "nataka seli zishike" bila kutaja zipi, utapata zote, pamoja na zile zinazojenga kovu.

Kuna pia wageni wasioalikwa. Mwaka 1987 mtafiti Anthony Gristina aliyaita mambo haya mbio za kuuwahi uso: bakteria na seli za mwili hushindana nani afike kwanza. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba *Staphylococcus aureus* ana protini zake za kushika fibronektini, hivyo ukipaka fibronektini nzima unamfungulia mlango yeye pia. Hata hivyo yeye huishika sehemu tofauti na ile yenye RGD. Hiyo ni mojawapo ya sababu zangu za kupendelea peptidi fupi, yaani mnyororo mdogo wa asidi amino, kuliko protini nzima.

Hatua ya 2: Chagua njia ya kutakasa kabla ya kuchagua kemia

Wengi huiweka hatua hii mwisho, na hapo ndipo kazi inapokufa. Kutakasa maana yake ni kuua vijidudu vyote pamoja na spora za bakteria, na kila njia ya kufanya hivyo inaugusa uso wako.

Mvuke wa nyuzijoto 121 unaifaa PEEK na PTFE, lakini PCL huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 hivi na PLA (asidi ya polilaktiki) hulegea hapohapo, hivyo vyote viwili vitatoka vimeharibika umbo. Mionzi ya gama, kwa kipimo kilichozoeleka cha kilogrei 25, hukatakata minyororo ya PLA, huifanya polipropilini iwe na wepesi wa kuvunjika, na PTFE huivunjavunja vibaya zaidi. Gesi ya oksidi ya ethilini hutumia joto la chini na ndiyo kimbilio la polima laini, ila huacha mabaki yenye sumu yanayohitaji muda wa kupepewa, na inaweza kuungana na amini ulizozibandika kwa shida. Plazima ya peroksidi ya haidrojeni huoksidisha uso. Etanoli ya asilimia 70 haimo kwenye orodha hii: haiui spora. Itumie kwa majaribio ya mezani tu, na useme hivyo unapoandika ripoti.

Ukishajua njia, kata vipande vya ziada na uvipitishe humo vikiwa bado vitupu. Vikipinda au kubadilika rangi, umeokoa miezi.

Hatua ya 3: Osha, kisha osha tena

Plastiki ya kiwandani huja na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu, viongezeo vinavyojitokeza juu, na alama za vidole. Marekebisho utakayofanya yana kina cha nanomita chache. Tabaka la uchafu linaweza kuwa nene kuliko hapo, na ukilirekebisha hilo badala ya polima, litang'oka na kazi yako yote.

Anza na sabuni isiyo na manukato kwenye chombo cha mawimbi ya sauti kwa dakika 10. Suuza kwa maji safi mara tatu. Rudia kwa isopropanoli dakika 10, kausha kwa naitrojeni, kisha acha kwenye ombwe usiku mzima. Kwa PCL maji yasizidi joto la mkono. Asetoni iweke mbali: huyeyusha polistirini na akriliki, na huivimbisha PLA. Hata alkoholi huitia akriliki nyufa ndogondogo ikiwa ina mkazo uliobaki ndani yake tangu ilipokatwa.

Halafu silikoni. Imo kwenye grisi za vyombo vya ombwe, kwenye gundi za baadhi ya tepu, na kwenye glovu nyingine. Mara moja nilishangilia uso ambao haukubadilika kabisa kwa miezi miwili, hadi kipimo cha XPS (eksirei zinazotambua elementi za juu ya uso) kilipoonyesha kilele cha silikoni kwenye elektronivolti 102. Sikuwa na uso imara. Nilikuwa na uso uliopakwa mafuta kutoka kwenye tepu niliyoshikia vipande. Tangu siku hiyo navishika kwa kibano cha chuma, pembeni tu.

Hatua ya 4: Plazima, kwa dozi ndogo

Plazima ni gesi iliyochajiwa umeme hadi ikajaa ayoni, elektroni na chembe zenye njaa ya kuungana. Inang'oa haidrojeni juu ya polima na mahali pake hukaa makundi yenye oksijeni au naitrojeni: haidroksili, kaboniili, kaboksili, au amini ukitumia amonia. Hakuna polima inayoikataa, hata PTFE, ingawa hiyo ina ubishi.

Weka vipande kwenye chemba bila kupandana. Vuta hewa hadi shinikizo lishuke chini ya lile utakalofanyia kazi, ingiza oksijeni, toa tena, ingiza tena, ili unyevu wa ukutani upungue. Tuliza shinikizo kati ya milibari 0.2 na 0.5. Kwa mashine ndogo ya mezani ya megahezi 13.56, anza na wati 50. Usichague muda kwa kubahatisha: fanya sekunde 15, 30, 60, 120 na 300, vipande vitatu kwa kila muda.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hulikwepa. Pima pembe ya mguso wa maji mara tu vipande vinapotoka, kisha vioshe kwa maji na etanoli, vikaushe, upime tena. Pembe ikipanda kwa nyuzi 15 au 20 baada ya kuosha, umezidisha dozi. Plazima imekatakata minyororo na kuacha vumbi la vipande vifupi vilivyooksidika, ambavyo hupenda maji lakini havijashikamana na chochote. Seli zikishika vumbi hilo, zitabebwa nalo. Mimi huchagua muda mfupi kabisa ambao pembe yake baada ya kuosha imetulia, na mara nyingi huwa chini ya dakika moja.

Tatizo la pili ni kwamba uso husahau. Minyororo ya polima haijatulia. Hujigeuza taratibu na kuyazamisha ndani makundi yale yanayopenda maji, hasa kipande kikiwa hewani. Kasi yake inategemea ulegevu wa polima. Silikoni ya PDMS, ambayo minyororo yake hucheza hata kwenye baridi kali ya nyuzijoto 120 chini ya sifuri, hurudia hali yake ndani ya saa chache. PEEK, ambayo hulegea ikifika nyuzijoto 143, husahau polepole zaidi. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako: panga siku ili hatua inayofuata ianze ndani ya nusu saa, au tumbukiza vipande kwenye maji safi vikisubiri.

Kama huna mashine ya plazima, taa ya urujuanimno inayotoa mawimbi ya nanomita 185 na 254 hutengeneza ozoni na kufanya kazi inayofanana, ila kwa dakika nyingi zaidi. Ozoni ni sumu ya mapafu; chombo kifungwe na hewa yake ifyonzwe nje.

Hatua ya 5: Njia ya maji kwa polyesta

PCL, PLA na PET (plastiki ya chupa za maji) zina viungo vya esta ambavyo alkali huvikata, na kila mkato huacha kaboksili upande mmoja na haidroksili upande wa pili. Hakuna mashine inayohitajika, na kwa vipande vyenye matundu ya ndani njia hii huipita plazima, kwa kuwa majimaji huingia mahali ambapo plazima haifiki.

Kwa PCL anza na sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita, joto la chumba, saa moja. Kwa PLA shuka hadi moli 0.1 na dakika 10 hadi 30, kwa sababu yenyewe huoza upesi. Tikisa kwa upole. Ondoa viputo vya hewa kwanza kwa kulowesha vipande kwenye etanoli, la sivyo kila kiputo kitaacha duara ambalo halikuguswa. Suuza hadi karatasi ya pH isibadilike rangi, chovya kwa sekunde chache kwenye asidi hidrokloriki ya moli 0.01, suuza tena.

Ukitaka amini badala ya kaboksili, tumia heksamethilinidiamini ndani ya isopropanoli, gramu 6 hadi 10 kwa mililita 100, nyuzijoto 37, na jaribu muda kuanzia dakika 5.

Onyo moja kubwa kuhusu njia hii: alkali haibadilishi kemia tu, inachimba. Uso hutoka na mikwaruzo na vishimo, na seli huvipenda vishimo. Kwa hiyo huwezi kudai kuwa kaboksili ndizo zilizoleta seli mpaka uwe na kipande kilichochimbwa vivyo hivyo lakini bila kemia hiyo, au angalau uwe umepima ukwaruzo wa vyote.

PEEK haina esta, hivyo alkali haiisumbui. Wengine huichovya kwenye asidi salfuriki iliyokolea, nayo hutoboka na kuwa kama sifongo juu. Inafanya kazi, lakini asidi hujificha ndani ya vitundu hivyo na kuua seli siku ya tatu au ya nne. Ukiifuata njia hiyo, kuosha kutachukua muda mrefu kuliko kuchovya.

Hatua ya 6: Kubandika RGD

Plazima na alkali hutandaza zulia zuri zaidi, lakini bado unaziachia protini zijipange zenyewe. Ukitaka kuwa na uhakika wa kile seli inachokishika, bandika peptidi kwa kiungo cha kudumu.

Agiza peptidi ya GRGDSP, yenye RGD katikati, na pamoja nayo agiza GRGESP, yenye RGE badala yake, ambayo imebadilishwa asidi amino moja tu na integrini haziijali. Hiyo ya pili si ya ziada. Bila hiyo huna jaribio.

Uso ukiwa na kaboksili, tengeneza bafa (maji yanayoshikilia pH) ya MES ya moli 0.1, pH kati ya 5 na 6. Ongeza EDC na NHS, kemikali mbili zinazoamsha kaboksili ili iungane na amini: EDC hadi milimoli 50 kwa lita na NHS hadi milimoli 25, vyote viyeyushwe dakika hiyohiyo, kwani EDC huharibiwa na maji na chupa iliyoachwa wazi hufa bila dalili yoyote. Iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua ili isivute unyevu, na vaa glovu, kwa kuwa ngozi huijengea mzio. Dakika 15 zinatosha. Suuza haraka kwa MES baridi, kisha hamishia kwenye peptidi ya miligramu 0.1 kwa mililita ndani ya bafa ya fosfati, pH 7.4. Saa mbili hadi nne, au usiku mzima kwenye nyuzijoto 4. Usitumie bafa ya Tris wala glaisini hapa: zina amini, nazo zitakaa kwenye kiti cha peptidi yako. Hatua ikiisha ndipo unapozitaka. Ethanolamini au glaisini huziba viti vilivyobaki wazi.

Kisha osha kwa SDS, sabuni kali ya maabara, ya asilimia 1. Peptidi nyingi huwa zimelala tu juu bila kubandikwa, na SDS huziondoa. Ukiogopa hatua hii kwa sababu itapunguza namba zako, tayari unajua namba zako ni za nini.

Kiasi gani kinatosha? Kidogo mno. Watafiti Massia na Hubbell walionyesha mwaka 1991 kuwa femtomoli 1 kwa sentimita mraba inatosha seli kutandaa, na femtomoli 10 kwa kujenga vituo vya mshikamano, yaani yale makundi ya integrini. Ila walifanya hivyo kwenye uso ambao hauvuti protini nyingine. Kwako, ambako albumini inakuja kwa wingi, utahitaji zaidi ya hapo, au utie kwanza tabaka la PEG (polietilini glaikoli) linalozifukuza protini na kupanda RGD juu yake kama bendera. Hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote, na pia ndiyo yenye kuchosha kuliko zote.

Njia ya mkato ipo. Mwaka 2007 kundi la mtafiti Messersmith lilionyesha kuwa dopamini, kwa mfano wa gundi ya kome wa baharini, hujipaka juu ya karibu kila kitu. Yeyusha dopamini hidrokloridi miligramu 2 kwa mililita ndani ya Tris ya milimoli 10, pH 8.5, chombo wazi kipate oksijeni. Maji yatageuka ya waridi, kisha kahawia, kisha meusi. Baada ya saa 24 tabaka hufikia nanomita 50 hivi. Saa nne hadi nane hunitosha. Ning'iniza vipande wima au vifudifudi, kwani vikilala chali punje nyeusi zitatua juu yake kama masizi. Osha, tikisa kwa mawimbi ya sauti kwa muda mfupi, halafu weka peptidi yenye laisini au sisteini kwenye bafa isiyo na Tris, pH 8 hadi 8.5, usiku mzima. Kwa mtu asiye na plazima na mwenye aina nne za plastiki za kulinganisha, ningemshauri aanzie hapa. Ubaya wake ni rangi, na jinsi kila mkupuo unavyotofautiana kidogo na uliotangulia.

Hatua ya 7: Pima uso kabla ya kuugharamia seli

Pembe ya mguso ni ya kila siku: tone la mikrolita 3, mahali patano, vipande vitatu. Ikiyumba kwa zaidi ya nyuzi 5 ndani ya kipande kimoja, rudi kwenye kuosha.

XPS husoma kina cha nanomita 10 au pungufu, na ndiyo itakayokuambia kama naitrojeni ya peptidi imefika. Kipimo cha infraredi cha ATR husoma hadi kama mikromita moja, hivyo tabaka la nanomita tatu hufunikwa na sauti ya plastiki iliyo chini yake. Usikate tamaa ukiona chati mbili zinafanana.

Kwa maabara isiyo na XPS, rangi zinasaidia sana. Kaboksili zihesabu kwa toluidini ya bluu ya milimoli 0.5 kwenye pH 10: acha ishike kwa saa kadhaa, osha kwa sodiamu haidroksaidi nyepesi hadi maji yawe meupe, kisha iondoe kwa asidi asetiki ya asilimia 50 na usome mfyonzo kwenye nanomita 633. Amini zihesabu kwa rangi ya Acid Orange II kwenye pH 3, ukiiachia kwenye pH 12 na kusoma kwenye nanomita 485. Kipande kitupu lazima kiwemo kila mara, kwa sababu plastiki yenye vitundu hunywa rangi hata bila kemia.

Hatua ya 8: Sasa seli

Vipande vyepesi huelea. Polietilini ni nyepesi kuliko maji. Vigandamize kwa pete isiyo na sumu, ndani ya sahani ambazo chini yake hazishiki seli. Ukitumia sahani za kawaida, nusu ya seli zitakaa pembeni ya kipande na wewe utazihesabu kama zako.

Panga makundi matano: kipande kitupu, kipande kilichorekebishwa, kipande chenye RGE, polistirini ya kuoteshea seli kama kipimo cha juu, na uso wa PEG kama kipimo cha chini. Panda seli 10,000 kwa sentimita mraba. Gawa kila kundi mara mbili, nusu bila seramu na nusu ikiwa na seramu. Tofauti kati ya nusu hizo ina maneno mengi. Ikiwa RGD inashinda bila seramu na inalingana na kipande kitupu seramu ikiwepo, basi zulia limeifunika kemia yako, na ndani ya mwili kutakuwa vivyo hivyo au zaidi.

Hesabu kwenye saa 1, 4 na 24. Osha kwa upole ule ule kila mara. Mimi huzamisha kipande mara tatu badala ya kurushia maji kwa pipeti, maana mkono wa pipeti hubadilika na uchovu. Kwa kuhesabu, hamishia kipande kwenye kisima kipya kwanza. Kama una polidopamini (lile tabaka la dopamini), kuwa mwangalifu na MTT, rangi ya kupimia seli hai: tabaka lenyewe linaweza kuigeuza rangi bila seli hata moja, hivyo weka kipande kisicho na seli kila mara, au pima DNA badala yake.

Idadi pekee haikupi jibu. Uso wa polilaisini (mnyororo wa laisini wenye chaji chanya) hushika seli nyingi kwa nguvu ya chaji tu, nazo hukaa mviringo kama shanga. Kwa hiyo paka faloidini kwa aktini, kingamwili dhidi ya vinkulini (protini ya vituo vya mshikamano), na rangi ya DAPI kwa kiini. Unatafuta nyuzi za aktini zinazoishia kwenye madoa ya vinkulini, na eneo la seli linaloongezeka kati ya saa 1 na 4. Ukitaka kumaliza ubishi, mwaga RGD iliyoyeyushwa kwenye maji ya seli kabla ya kupanda: mshikamano ukishuka, ni integrini. EDTA, kemikali inayokamata ayoni, pia huuvunja, kwa kuwa integrini haifanyi kazi bila ayoni za kalsiamu na magnesiamu.

Na rudio si visima vitatu vya siku moja. Ni vipande vya mikupuo mitatu, vilivyotengenezwa siku tatu tofauti.

Hatua ya 9: Rudia yote baada ya kutakasa na baada ya kuhifadhi

Chukua vipande vilivyofaulu, vipitishe kwenye njia uliyoichagua katika hatua ya 2, kisha rudia pembe ya mguso, rangi au XPS, na hesabu ya seli ya saa 4. Vingine vifungashe kama vitakavyofungashwa kwa mgonjwa na uvifungue baada ya wiki 1, mwezi 1, miezi 3 na miezi 6. Andika joto na unyevu wa mahali vilipokaa.

Matokeo ya vipande hivi ndiyo ya kuchora kwenye grafu ya kwanza ya ripoti yako, si yale ya siku vilipotoka kwenye plazima. Upimaji wa sumu kwa seli hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-5, na mabaki ya oksidi ya ethilini ISO 10993-7. Vyote hufanywa kwa kipande kilichokwisha kutakaswa na kufungashwa. Ukibadilisha baadaye kitu kimoja tu, sema sabuni ya kuoshea au aina ya gesi, rudi hatua ya 7 na uanze hesabu ya miezi upya.